Mnazi, mti na kileo

Kilifi na Malindi, neno mnazi hubeba mti na pombe yake pamoja. Tembo, jina jingine la pombe hiyo, limeachiwa methali ya mgema. Jina hilo moja la mnazi hufanya kileo kionekane zao la shamba tu, mfano wa dafu, ingawa utomvu huanza kuchacha ungali kibuyuni. Na kwa kijana kileo si dafu: mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walionyesha kwamba pombe ya ujanani hubadili alama za kikemikali kwenye jeni ya Arc katika ubongo: herufi za jeni hubaki, usomwaji wake hupungua hadi utu uzimani. Walichunguza panya, kweli; lakini walipozirekebisha alama hizo, wasiwasi na unywaji vilishuka. Mila je? Mnazi humiminiwa koma, mizimu ya wahenga, na hupelekwa posani. Sawa, ila tambiko halimhitaji mnywaji wa miaka 14. Basi neno tembo lirudi midomoni, mti ubaki mnazi.