Wakimbia milima waliofungiwa kwa pauni chache

Joss Naylor alipofariki Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 88, wapenzi wa mbio za milimani walikumbuka siku moja ya mwaka 1960. Mashindano ya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, yalikuwa yanaanzia Wasdale, bondeni kwao. Naylor alikuwa mfugaji wa kondoo wa miaka 24, na mgongo wake ulikuwa umekwisha kupasuliwa. Alijitosa na viatu vyake vya kazi, suruali ndefu akaikata magotini. Akatangulia mbele ya wazoefu mpaka misuli ilipombana. Miaka iliyofuata alishinda mbio hizo mara 10, na mwaka 1975 akapanda vilele 72 ndani ya saa 24. Riziki yake lakini haikutoka kwenye mbio. Ilitoka kwa kondoo.

Sisi mtu wa aina hiyo tunamwita mwanariadha wa ridhaa. Ni neno zuri, linalosema kwamba mtu anakimbia kwa hiari yake na kwa mapenzi yake. Katika milima ile, hata hivyo, ridhaa iligeuzwa kuwa amri, na walioivunja walifungiwa.

Habari hizi zimeandikwa kwa kina na Bill Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1985, na baadaye na Richard Askwith, mwandishi wa habari aliyeshiriki mchezo huu yeye mwenyewe akiwa wa ridhaa. Nimewafuata hao wawili. Asili ya mbio wanaihusisha na hadithi ya mfalme Malcolm wa Uskoti, anayesimuliwa kuwashindanisha vijana mlimani ili apate tarishi mwepesi. Mwaka 1895 William Swan wa Fort William alikimbia hadi kilele cha Ben Nevis na kurudi kwa saa 2 na dakika 41. Mwaka 1932 Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni mjini Keswick, alizunguka vilele 42 ndani ya saa 24.

Ugomvi wenyewe ulianzia mbali na milima. Mwaka 1866 mabwana wa London waliunda klabu ya riadha ya ridhaa, na kanuni zake zilimkataa fundi, mtu wa kazi za mikono na kibarua. Aliyeishi kwa jasho lake hakuhesabiwa mwungwana wa kushindana naye. Chama cha riadha kilichoanzishwa mwaka 1880 kiliufuta ubaguzi huo wa kazi, ila kikabakiza uzio wa fedha: ukipokea zawadi taslimu, wewe ni wa kulipwa. Ukishindana na waliolipwa, hata kama hukupata kitu, nawe umechafuka.

Sasa fikiria maana yake kwa kijiji cha wafugaji. Pale Grasmere, tangu mwaka 1868, waongoza wageni wa milimani walikuwa wakishindana kupanda mlima na kushuka. Mshindi alipewa fedha, na watazamaji waliweka kamari. Hiyo ndiyo iliyokuwa sikukuu yao. Kijana akizoea kukimbia kwenye sherehe hizo na kuchukua vijisenti vya ushindi, alikuwa amejifungia milango ya mashindano mengine yote ya riadha. Bill Teasdale, mlinzi wa wanyama wa kuwindwa katika mashamba ya matajiri, alishinda Grasmere mara 11. Kwenye mbio za ridhaa hakuruhusiwa kukanyaga.

Upuuzi huo ulionekana wazi zaidi Burnsall, kijiji cha Yorkshire. Mlima ulikuwa mmoja na siku ilikuwa moja, lakini mbio zilikuwa mbili: za ridhaa na za kulipwa. Rekodi ya Ernest Dalzell ya mwaka 1910, dakika 12 na sekunde 59.8, ilibishaniwa kwa miongo mingi, kwa kuwa wengi hawakuamini kwamba binadamu anaweza kuteremka kasi namna ile. Ilivunjwa mwaka 1977 na Fred Reeves, mkimbiaji wa kulipwa. Reeves alikuwa hodari wa kupanda, na mpinzani wake, Tommy Sedgwick, alikuwa hodari wa kushuka kama jiwe lililoachiwa. Mwaka 1978 Reeves aliweka rekodi ya Grasmere, dakika 12 na sekunde 21.6. Lakini hakuruhusiwa kupimana ubavu na mabingwa wa ridhaa wa zama zake.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Kanuni hiyo hiyo ilimfikia Ben Jipcho. Mwaka 1974, Christchurch, aliiletea Kenya dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, mita 5,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kisha akafuata njia ya Kipchoge Keino, akasaini na kundi la riadha ya kulipwa la Marekani. Kundi likafa mwaka 1976, na mlango wa Olimpiki ulikuwa umekwisha kufungwa nyuma yake. Mtu aliyetoka familia isiyo na kitu aliadhibiwa kwa kutaka miguu yake imlishe. Mimi naiita dhuluma, na sioni kwa nini tuipambe kwa jina la maadili ya michezo.

Uzio ulianza kulegea miaka ya 1980. Kenny Stuart, mtunza bustani wa Threlkeld aliyekulia kwenye mbio za kulipwa, aliomba kurudishwa katika ridhaa na akakubaliwa. Akawa bingwa wa Uingereza mwaka 1983, 1984 na 1985. Mwaka 1984 alipanda na kushuka Ben Nevis kwa saa 1, dakika 25 na sekunde 34. Teasdale na Reeves walikuwa wamekwisha kumaliza miaka yao bora.

Tangu hapo mchezo umekuwa wa dunia nzima. Patrick Kipngeno wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa kukimbia kupanda mlima mwaka 2022 na tena 2023, na nasikitika kwamba jina lake halijakaa midomoni mwetu kama majina ya wale wa marathoni. Huko Burnsall wa ridhaa na wa kulipwa hawatenganishwi tena. Wanasimama mstari mmoja, na mlima ni ule ule aliouteremka Dalzell.