Uwindaji ranchini: Jinsi ya kumwandaa mtoto au jamaa mlemavu

UWINDAJI wa wanyamapori ulipigwa marufuku humu nchini mnamo 1977. Kwa Wakenya wengi waliozaliwa baada ya mwaka huo, bunduki na mnyama wa porini hukutana tu katika habari za majangili. Hata hivyo, katika mataifa kadhaa uwindaji ungali shughuli halali inayoendeshwa kwa leseni, na mara nyingi hufanyika katika ranchi za watu binafsi. Jimbo la Texas nchini Marekani, ambako Wakenya wengi wamehamia, ni mojawapo ya maeneo ambako desturi hiyo imekita mizizi.

Familia nyingi za huko huchagua ranchi zinapotaka kumpeleka mtoto anayeanza kujifunza, au jamaa aliye na ulemavu. Sababu zake ni wazi. Ranchi huwa na njia za gari, vibanda vya kuvizia hujengwa mapema, na mnyama huweza kupatikana bila kutembea mwendo mrefu. Lakini urahisi huo una mtego wake. Kila kitu kinapoandaliwa na watu wengine, mgeni anaweza kugeuzwa kuwa kidole cha kufyatua tu, huku uamuzi wa kuua ukiwa umekwisha kufanywa na baba, mjomba au mwelekezi wa ranchi. Kwa hivyo maandalizi mazuri huzingatia mambo mawili: anayepiga risasi awe ndiye aliyeamua, na mnyama asiteseke kwa sababu ya pupa ya aliye nyuma yake.

Ranchi na wanyama wake

Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi. Anayetaka kuwinda hana budi kupata idhini ya mwenye ardhi, na aghalabu humlipa. Baadhi ya ranchi ni kubwa ajabu. King Ranch, iliyoanzishwa mnamo 1853 kusini mwa jimbo hilo, ina ekari zipatazo 825,000. Nyingine ni za ekari mia chache tu na zimezungushiwa ua wa waya wenye kimo cha takriban mita 2.4, ili kulungu wasiweze kuuruka.

Wanyama wa ranchi wako katika makundi mawili kisheria. Kulungu wa mkia mweupe, ambaye ni mnyama wa asili wa Marekani, ni mali ya umma hata akiwa ndani ya ua wa mtu. Huwindwa katika msimu uliowekwa na serikali ya jimbo. Kundi la pili ni wanyama walioletwa kutoka nje, wakiwemo kulungu wa madoadoa aitwaye axis na swara mkubwa aitwaye nilgai, wote wenye asili ya bara Hindi, pamoja na choroa wa jangwa la Sahara. Hawa huhesabiwa kuwa mali ya mwenye ranchi, na hawana msimu uliofungwa.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa familia yenye mlemavu. Inaweza kuchagua mwezi usio na baridi kali wala joto jingi badala ya kufuata kalenda ya serikali. Leseni ya uwindaji, hata hivyo, bado huhitajika kwa wanyama hao wa kigeni. Nguruwe mwitu ndiye aliyeondolewa kwenye sharti hilo mnamo 2019, mradi mwindaji awe na ruhusa ya mwenye ardhi.

Sheria inavyosema

Texas humtaka kila mwindaji aliyezaliwa tarehe 2 Septemba, 1971 au baadaye awe amefuzu mafunzo ya uwindaji. Cheti cha mafunzo hayo hutolewa kuanzia umri wa miaka 9. Mtoto aliye chini ya umri huo huwinda tu akiwa pamoja na mtu mzima mwenye leseni, tena karibu kiasi cha kusikia sauti ya kawaida. Sharti hilo pia humhusu mwenye umri wa miaka 9 hadi 16 ambaye hajapata cheti.

Kila mwaka kuna siku maalumu kabla na baada ya msimu mkuu wa kulungu ambazo hutengewa walio chini ya umri wa miaka 17 pekee. Aidha, tangu 1996 kumekuwa na mpango wa jimbo wa uwindaji wa vijana, unaoendeshwa na idara ya wanyamapori kwa ushirikiano na chama cha wenye ardhi. Mpango huo huwapokea vijana wa miaka 9 hadi 17, na mzazi au mlezi hutakiwa kuandamana na kijana wake.

Kwa upande wa walemavu, sheria iliyopitishwa mnamo 2007 inamruhusu kipofu kuwinda kwa bunduki yenye mwale wa leza, akisaidiwa na mtu anayeona ambaye humweleza mwale umeangukia wapi. Asiye na nguvu mikononi anaweza kutumia kishikizi kinachobeba bunduki yote. Aliyepooza kuanzia shingoni huweza hata kufyatua kwa kuvuta au kupuliza hewa kupitia mrija uliounganishwa na mtambo mdogo.

Mkenya anayemtembelea jamaa yake huko anapaswa kuwa mwangalifu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kushika bunduki au risasi, ila akitimiza mojawapo ya masharti machache yaliyowekwa. Mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kushika bunduki ya binamu kwa mzaha wa kupigwa picha kunaweza kuwa kosa la jinai. Sheria iyo hiyo humnyima silaha mtu ambaye mahakama imeamua kwamba hana uwezo wa akili, na jamaa hawawezi kumfichia hali hiyo kwa nia njema.

Kumwandaa mtoto

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtoto aliyeumizwa na bunduki siku ya kwanza huwa na mazoea mabaya ya kufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua. Mazoezi huanza nyumbani kwa bunduki isiyo na risasi, kisha kwa bunduki ndogo yenye kishindo hafifu, na hatimaye kwa ile itakayotumika ranchini. Bunduki ya aina ya .243 Winchester hupendwa kwa kazi hiyo kwa kuwa haipigi bega sana na bado humuua kulungu kwa uhakika. Kitako chake sharti kilingane na urefu wa mkono wa mtoto.

Masikio hayana budi kulindwa. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na ndani ya kibanda kilichofungwa huwa mbaya zaidi. Mtoto, msindikizaji na mwelekezi wote huvaa vizibo, na kwa mtoto ni bora kuongezea vile vya kufunika sikio zima.

Jambo linalosahaulika ni kumwambia mtoto mapema, kwa lugha nyepesi, kwamba mnyama atakufa. Atatokwa na damu, huenda akakimbia, na baadaye atapasuliwa na kuchunwa. Mtoto anayeyajua hayo akiwa nyumbani anaweza kusema hataki. Anayeyagundua akiwa kibandani, huku watu wazima watatu wakimnong'oneza apige, hana nafasi ya kukataa.

Kumwandaa mlemavu

Familia huuliza kwanza iwapo kiti cha magurudumu kitapita. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Mlango wa kibanda una upana gani? Dirisha liko katika kimo cha macho ya mtu aliyeketi, au lilikatwa kwa ajili ya aliyesimama? Je, kuna choo karibu? Vibanda vingi huinuliwa juu ya nguzo mfano wa ulingo wa kulindia mahindi, na kumbeba mtu mzima kwenye ngazi gizani ni hatari kwa abebwaye na ambebaye. Ranchi iliyozoea wageni wa aina hii huwa na kibanda cha chini, na itakubali kutuma picha na vipimo kabla ya malipo.

Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi sehemu ya chini ya mwili. Akikaa saa tatu bila kujigeuza anaweza kupata vidonda vya shinikizo, ambavyo huchukua wiki au miezi kupona. Inampasa kuinuka au kuegemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, hata kama kulungu watashtuka. Vivyo hivyo, jiko la kuotea moto linaweza kumuunguza miguu bila yeye kujua, na baridi inaweza kumwingia kabla hajatambua.

Misuli inayoshtuka yenyewe ni suala la usalama. Mwenye tatizo hilo hujadiliana na daktari wake mapema, na bunduki hubaki kwenye kishikizi chake, mtutu ukitazama nje, bila risasi chemba hadi mnyama atokee.

Katika yote hayo, anayepaswa kuulizwa ni mlemavu mwenyewe. Mwelekezi anayemuuliza shemeji, "Je, yeye anapenda mnyama gani?" huku mhusika ameketi hapo hapo, ameonyesha mapema jinsi siku itakavyokuwa.

Risasi moja

Saa halali za kumpiga kulungu huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya jua kutua. Katika ranchi nyingi, mashine humwaga mahindi saa zile zile kila siku, na wanyama hujongea. Mwelekezi huonyesha yule anayefaa. Kuanzia hapo msindikizaji anapaswa kunyamaza.

Anayeanza hasogezwi zaidi ya umbali aliokwisha kuumudu mazoezini, na kwa wengi huo hauzidi mita 100. Bunduki huegemezwa mahali imara. Mnyama hungojewa asimame ubavu, kwani risasi inayopita nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, huingia moyoni au mapafuni. Akiwa ameelekeza uso au mgongo, haipigwi. Akiondoka, ameondoka.

Mnyama akikimbia baada ya kupigwa, kumfuata mara moja kunaweza kumfukuza mbali zaidi. Aghalabu waelekezi hungoja kiasi cha nusu saa, kisha hufuata alama za damu. Mtoto hushirikishwa katika kazi hiyo. Aliye katika kiti cha magurudumu hupelekwa kwa gari hadi pale mnyama alipolala, wala haletewi mzoga kana kwamba ni kifurushi.

Nyama huliwa, na hapo pia kuna tahadhari. Risasi nyingi zina kiini cha madini ya risasi, yanayoacha chembechembe ndogo nyamani kuzunguka jeraha. Madini hayo hudhuru ubongo wa watoto. Risasi za shaba huondoa hatari hiyo, na nyama ya karibu na jeraha hukatwa na kutupwa.

Ubishi wa ua

Je, kumpiga mnyama aliye ndani ya ua ni uwindaji? Wawindaji wenyewe hawakubaliani. Watetezi wa ranchi hutaja choroa wa Sahara, aliyetangazwa mnamo 2000 kuwa ametoweka porini huku makundi yake yakiwa bado hai katika ranchi za Texas. Mnamo 2016 choroa waliofugwa walianza kurudishwa nchini Chad. Wapinzani hujibu kwamba mnyama asiye na pa kukimbilia hana tofauti na mbuzi wa kuchinjwa. Chama cha Boone and Crockett, kilichoanzishwa Marekani mnamo 1887, hakiingizi katika rekodi zake mnyama aliyeuawa ndani ya ua asioweza kuutoroka.

Mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, Theodore Roosevelt, anakumbukwa hapa Kenya. Aliwasili Mombasa mnamo Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais, akiandamana na mwanawe Kermit aliyekuwa na umri wa miaka 19. Jicho la kushoto la Roosevelt lilikuwa limeharibiwa na konde la ndondi akiwa bado rais. Baba huyo na kijana wake walianzia katika mashamba ya walowezi ya Kitanga na Juja. Kufikia mwisho wa safari yao ya Afrika, walikuwa wamewaua wanyama 512 kwa hesabu ya Roosevelt mwenyewe, wengi wao wakipelekwa katika makavazi ya Smithsonian.

Ranchi ya leo humpa anayeanza mnyama mmoja, na bei yake hujulikana mapema. Katika nyingi, mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa sawa na aliyepatikana. Kwa sababu hiyo familia inashauriwa kuuliza mambo matatu kabla ya kutuma arubuni: ni kiasi gani kitatozwa mnyama akijeruhiwa bila kupatikana, ni kiasi gani kitarudishwa iwapo afya ya mlemavu itabadilika, na iwapo kuna malipo ya ziada pale mgeni anapoamua kutopiga. Jibu la swali la tatu likiwa ni kwamba mgeni yuko huru kukataa bila kutozwa zaidi, mtoto au mlemavu ataingia kibandani bila deni la mtu yeyote juu ya kidole chake.