Diski Ngumu au Diski Kuu?

Maelezo ya Kiswahili kuhusu kompyuta huita kifaa kimoja kwa majina mawili, diski kuu na diski ngumu, na wasomaji wengi huyachukulia kuwa sawa. Lakini ukuu ni cheo, na ugumu ni umbile. Anayetaka kuifufua kompyuta ya zamani ndiye atakayeona haraka kwamba istilahi ya umbile inamfaa zaidi.

IBM ilipotoa hifadhi ya RAMAC mwaka 1956, yenye sahani 50 za metali zilizobeba herufi milioni 5 hivi, hapakuwa na haja ya kuziita ngumu. Sifa hiyo ilihitajika baada ya mwaka 1971, ilipokuja diski laini ya plastiki inayopindika. Leo diski laini imetoweka, ila neno “ngumu” bado lina kazi: linatukumbusha kwamba ndani mna sahani ya alumini au kioo inayozunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea kikielea juu yake pasipo kuigusa. Kwa hiyo diski haitikiswi ikiwa inafanya kazi.

“Kuu” halifundishi hayo. Kebo bapa ya IDE katika kompyuta za zamani hubeba diski mbili, na kijampa, yaani kiunganishi kidogo cha pini, nyuma ya kila moja huamua ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Ukikihamisha, cheo kinabadilika bila umbile kuguswa. Dukani nako mnunuzi haulizi cheo. Anauliza kama diski huunganishwa kwa IDE au SATA, kama ni ya inchi 3.5 au 2.5, na ujazo wake, kwa kuwa BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) nyingi za zamani haziwezi kuona zaidi ya GB 137 hata ukifunga diski ya GB 500.

Wapo watakaosema kwamba “ngumu” hudokeza ugumu wa kuelewa. Ila nomino ndiyo huamua maana: mtihani mgumu hutaabisha akili, mti mgumu hutaabisha shoka, wala hakuna anayevichanganya. Wengine watatetea “hadi diski” ya mafundi. Iendelee kusemwa, lakini katika maandishi “hadi” tayari ina kazi yake, nayo haimwelezi msomaji chochote kuhusu kifaa.

Pingamizi zito ni SSD, isiyo na sahani wala kitu kinachozunguka. Hiyo si diski kabisa. Naiita hifadhi ya chipu. Anayeng'ang'ania “diski kuu” huvifunika vifaa viwili tofauti kwa jina moja. Fundi akiweka mfumo endeshi kwenye chipu na kuiacha sahani ya zamani itunze picha, chipu itakuwa kuu bila kuwa diski, na sahani itavuliwa ukuu. Ngumu itabaki ngumu.