Profesa aliyeamini akili ya mkulima maskini

Mara nyingi tukipita kwenye kambi za watu waliohama, tunakuta mtu wa mradi ameshika kipaza sauti, anawafundisha mama waliolima miaka 30 namna ya kushika jembe. Mama wanamsikiliza kwa adabu. Akiondoka, wanacheka. Leo ninawaletea habari ya profesa ambaye angecheka pamoja nao.

Theodore Schultz alizaliwa mwaka 1902 kwenye shamba, South Dakota, Marekani. Vita ya kwanza ya dunia ilipunguza mikono mashambani, naye hakusoma sekondari. Baba yake aliogopa pia kwamba mtoto akisoma sana hatarudi kulima. Wazazi wa namna hiyo tunawajua! Hata hivyo kijana aliingia chuo cha kilimo, na mwaka 1930 akapata udaktari huko Wisconsin.

Akaenda kufundisha Iowa, akawa mkuu wa idara ya uchumi. Mwaka 1943, katikati ya vita ya pili, idara yake ilitoa kijitabu kilichoandikwa na kijana Oswald Brownlee. Kilisema margarini inalisha mwili vizuri kama siagi ya maziwa, na kuitumia kungesaidia inchi wakati wa vita. Lakini Iowa ni inchi ya ng'ombe. Wenye maziwa walikasirika, wakakibana chuo, na wakubwa wakakiondoa kijitabu eti kirekebishwe. Schultz akajiuzulu, akahamia Chicago. Wachumi wengine pia waliondoka.

Huko Chicago alipambana na wazo lililopendwa sana wakati ule: kwamba vijiji vya maskini vina watu wa ziada, na ukiondoa baadhi yao mavuno hayatapunguka. Schultz akatazama India. Homa ya mafua ya 1918 na 1919 iliua huko mamilioni ya watu, lakini ardhi ilibaki palepale. Kama walikuwa wa ziada, mashamba yangelimwa vilevile. Akakuta eneo lililolimwa lilipunguka, na lilipunguka zaidi pale walipokufa wengi zaidi. Sisi wa mashariki ya Congo hatuhitaji kwenda India: kijiji kikikimbiwa, msimu mmoja tu, majani yamefunika muhogo.

Mwaka 1964 akatoa kitabu juu ya kilimo cha jadi. Alisema mkulima maskini anatumia vema kile alicho nacho. Anachokosa ni mbegu bora, mbolea na shule. Mwaka 1979 akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Arthur Lewis wa Saint Lucia.

Tena alikuwa mtu wa kwenda kuongea na wakulima wenyewe. Muda mfupi baada ya vita alikutana na mzee mmoja na mke wake, shamba lao limechoka, lakini wao wana furaha. Akauliza sababu. Wakamjibu kwamba wao si maskini: shamba lile limeisha kwa kusomesha watoto wanne. Profesa akaondoka na jibu hilo, akaanza kuhesabu elimu ya mtu kuwa mtaji, sawa na ng'ombe na jembe.