Konokono wa tangi: kuzaliana na utunzaji wa vichala vya mayai

Pomacea diffusa ni konokono wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, wa familia ya Ampullariidae. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, na leo anafugwa kwenye matangi ya kioo pamoja na samaki wa mapambo katika nchi nyingi za dunia. Gamba lake hufikia sentimita 5 hivi. Rangi zake ni nyingi: dhahabu, buluu, zambarau, kahawia yenye mistari, nyeupe kama pembe ya ndovu. Ni mpole kwa samaki, na mimea iliyo hai haigusi sana maadamu ana chakula kingine.

Watu wengi hununua mmoja au wawili kwa uzuri wao, kisha asubuhi moja hukuta kitu kama kipande cha sega la nyuki kimeganda juu ya maji, karibu na mfuniko. Hicho ni kichala cha mayai, na makala haya yanakihusu kuliko jambo lingine lolote. Kichala kimoja kinaweza kuwa na mayai kadhaa au zaidi ya mia mbili. Kikiwa bado kimeganda kwenye kioo, mfugaji ana uwezo wa kuamua wazaliwe wangapi. Wakishaanguliwa na kutawanyika kwenye changarawe, uwezo huo umekwisha.

Jina, na ndugu wa kuogopwa

Kwa miaka mingi konokono huyu aliuzwa kwa jina la Pomacea bridgesii, na maduka mengine bado yanaliandika hivyo. Mwaka 1957 mwanasayansi Blume alimweleza kama nususpishi ya bridgesii. Baadaye alitengwa kuwa spishi kamili. Pomacea bridgesii halisi ni mkubwa zaidi na ni nadra kumkuta dukani.

Suala la jina lina uzito kwa mfugaji kwa sababu jenasi hii ina ndugu mharibifu, Pomacea canaliculata, mwenyeji wa Argentina na nchi jirani, ambaye hula mimea ya maji hadi shina. Wakiwa wadogo wanafanana. Wakikua, tazama mshono unaotenganisha mizunguko ya gamba. Kwa diffusa mizunguko ina mabega bapa, inapanda kama ngazi. Kwa canaliculata kuna mfereji uliozama kati ya mzunguko na mzunguko, na jina lake la Kilatini limetokana na mfereji huo. Mayai nayo husema ukweli: ya canaliculata ni ya waridi kali inayoonekana toka mbali, punje za duara zilizoshikana kama shanga, ya diffusa ni ya rangi hafifu, kati ya waridi na kahawia, yamebanana hadi kingo zake zinaonekana kama vyumba vya sega. Anayekuta waridi kali kwenye tangi lake asiyaache mayai hayo yaanguliwe.

Dume, jike, na mbegu inayohifadhiwa

Konokono wengi wa maji ni huntha: mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Pomacea sivyo. Dume ni dume na jike ni jike, na kwa nje wanafanana. Njia ya uhakika ni kumtoa konokono majini, kumgeuza mdomo wa gamba ukiwa juu, na kusubiri kwa subira ajinyooshe ili ajigeuze. Ndani ya gamba, upande wa kulia wa konokono mwenyewe, dume ana ala nyeupe ya uume iliyojikunja karibu na ukingo wa joho, yaani ngozi laini iliyotanda ndani ya gamba. Kwa jike mahali hapo ni patupu. Konokono akiogopa hujifungia kwa kifuniko chake kigumu, na hapo hakuna la kufanya ila kumrudisha na kujaribu siku nyingine. Kumlazimisha kwa kucha au kijiti kunaweza kumjeruhi.

Dume humpanda jike juu ya gamba na kukaa hapo kwa saa nyingi, jike akiendelea kutembea na kula kana kwamba hana mzigo. Mbegu za kiume huhifadhiwa mwilini mwa jike kwa miezi. Ndiyo maana mtu hununua jike mmoja, akamweka peke yake, na bado akapata mayai yenye uhai baada ya muda mrefu. Si muujiza wala si uzazi bila dume. Alipandwa kabla hajauzwa.

Usiku wa kutaga

Pomacea ana shavu la kupumulia majini na pafu la kupumulia hewa, na hufikia hewa kwa mrija laini anaounyoosha hadi usoni mwa maji. Pafu hilo ndilo humwezesha jike kutoka nje ya maji kwa saa kadhaa ili atage, na huko nje mayai hukwepa samaki na viumbe wengine wa majini ambao wangeyala.

Kwa kawaida hutaga usiku. Taa zikizimwa, jike hupanda kioo taratibu, hutoka majini, huzungukazunguka kama anayepima mahali, mara nyingine hurudi chini na kuanza upya. Akiridhika hutulia, mguu wake mpana umeshika kioo. Mwenye tochi na subira ataona kijifereji kimejikunja upande wa kulia wa mguu, na yai moja, laini, linalong'aa kwa ute, likisukumwa polepole hadi mahali pake. Hubandikwa pembeni mwa lililotangulia. Baada ya dakika chache linakuja lingine. Kazi hii huchukua saa kadhaa, na asiguswe wakati huo: akishtuka huacha kazi na kudondoka majini, na kichala hubaki nusu.

Yai linapotoka ni laini kama jeli. Ganda lake ni la chokaa, nalo hukauka na kuwa gumu siku inayofuata. Hivyo kichala cha usiku wa jana kiachwe pale kilipo kwa angalau saa 24, na siku mbili ni bora zaidi. Wengi hukiharibu kwa pupa ya asubuhi ya kwanza.

Ili jike apate mahali pa kutagia, maji yapunguzwe hadi pabaki sentimita 5 hadi 10 kati ya uso wa maji na mfuniko. Tangi lililojazwa hadi ukingoni humfanya jike atoroke, na konokono aliyekauka nyuma ya kabati ni jambo la kusikitisha ambalo mfuniko mzuri ungelizuia.

Kutunza kichala

Mambo mawili huua mayai: kuzama na kukauka. Viinitete hupumua hewa inayopita kwenye ganda, kwa hiyo kichala kilichotumbukia majini hufa. Kilichokaa kwenye hewa kavu, chini ya taa ya moto au mbele ya feni, nacho hunyauka. Kinachotakiwa ni unyevu bila maji yanayotiririka.

Njia rahisi ni kukiacha mahali jike alipokiweka, ikiwa mfuniko umeziba vizuri na matone yake hayakidondokei. Mfugaji anayetaka kujua hasa wametoka wangapi atakihamisha. Ukishika kichala kilichokauka, usikivute kama anayebandua stika. Lowanisha kidole, kiguse ukingoni, kisha kisukume taratibu huku na huku hadi kiachie chenyewe. Chukua kopo dogo la plastiki lenye mfuniko, tandika karatasi laini ya chooni iliyoloweshwa na kukamuliwa, weka kichala juu yake, toboa tundu dogo la hewa, na uliweke kopo hilo lielee ndani ya tangi lile lile. Joto la maji litalishika. Kila siku moja au mbili fungua ubadilishe hewa, na karatasi ikianza kunuka ibadilishwe.

Kuanguliwa huchukua wiki mbili hadi nne, kutegemea joto. Kichala chenye uhai hubadilika: rangi hupauka, kisha huonekana madoa meusi ndani, na mwishoni kichala chote huwa cha kijivu kichafu, kimefifia na kupasukapasuka, mtu asiyejua akadhani kimeota ukungu. Wengi hukitupa siku hiyo hiyo, na ni siku moja tu kabla ya watoto kutoka. Kisicho na mbegu ya dume hubaki na rangi yake ile ile, hakionyeshi madoa, na mwishowe husinyaa au hunuka.

Siku ikifika, chukua maji ya tangi kwenye bakuli na utikise kichala humo kwa upole. Watoto huanguka kama chembe za pilipili manga, kila mmoja akiwa na gamba lake kamili na milimita 2 au 3 za upana. Waliokwama husaidika kwa kubonyeza ganda kidogo kwa ncha ya kidole. Wasiwekwe kwenye tangi lenye chujio la mota lisilofunikwa, kwa sababu watavutwa. Chujio la sifongo ndilo linalowafaa.

Maji na chokaa

Gamba ni chokaa, na mtoto wa konokono hulijenga kila siku. Maji yenye pH chini ya 7 hulila: huanza kupauka, kisha hutoboka kwenye ncha. Maji ya visima visivyo na chumvi vya Unguja na maeneo mengine ya pwani, yanayopita kwenye miamba ya matumbawe, kwa kawaida huwa na chokaa ya kutosha. Ya mvua hayana. Palipo na upungufu, mfupa wa ngisi au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa hutosha. Joto la nyuzi 22 hadi 28 linawafaa. Wapewe mchicha na tango, pamoja na chakula cha samaki kinachozama. Dawa yoyote yenye shaba isiingie kwenye tangi, hata kwa kiasi cha kumtibu samaki mmoja, kwa kuwa shaba huwaua konokono.

Kupunguza idadi

Jike mwenye afya hutaga kichala baada ya kichala. Hesabu ni nyepesi: vichala vinne vya mayai mia moja vikianguliwa vyema ni mia nne, na hakuna tangi la nyumbani linaloweza kubeba uchafu wao. Amonia hupanda, samaki huanza kuhema juu ya maji, na konokono wenyewe hudumaa. Hivyo kuondoa mayai ni sehemu ya utunzaji mwema, wala mfugaji asione kuwa ametenda ukatili.

Kichala kiondolewe ndani ya siku chache za mwanzo, kabla viinitete havijakua. Kitiwe kwenye mfuko na kuwekwa kwenye friza kwa siku mbili, kisha kitupwe na takataka. Au kipondwe chote. Kukitupa kizima kwenye jalala, choo au mtaro hakufai, kwa maana unyevu wa takataka unaweza kukilea hadi mwisho. Asiyetaka kazi hiyo kabisa afuge madume watupu, akiwa amewakagua kwa njia iliyoelezwa hapo juu.

Konokono wengine na mayai yao

Pila ovata wa Afrika Mashariki, wa familia hiyo hiyo ya Ampullariidae, naye hutaga nje ya maji. Lanistes, jamaa wa Afrika ambaye gamba lake limejizungusha kushoto, hutaga mayai ya utandotando majini. Marisa cornuarietis wa Amerika ya Kusini hufanya vivyo hivyo. Huyu aliwahi kutumika kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 1970: aliwekwa kwenye bwawa la kuchimbwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982 yalionyesha kuwa aliwamaliza humo Biomphalaria pfeifferi, konokono anayebeba kichocho.

Neritina wenye mistari kama ya pundamilia, wanaopatikana kwenye mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki, hubandika vidonge vyeupe vigumu kila mahali. Kwenye tangi la maji baridi mayai hayo hayatoi konokono, kwa kuwa viluwiluwi vyake vinahitaji maji ya chumvi. Melanoides tuberculata hatagi kabisa. Huzaa watoto walio hai, na jike mmoja hutosha bila dume.

Mtu asiokote konokono wa ziwani, mtoni au bwawani na kumweka tangini. Biomphalaria na Bulinus wa mwituni wanaweza kuwa wanatoa vimelea vya kichocho majini, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mkono unaosafisha tangi. Aliyezaliwa tangini, kwenye maji yasiyofikiwa na mkojo wala kinyesi cha binadamu, hana vimelea hivyo.

Nje ya tangi

Pomacea canaliculata alipelekwa Taiwan karibu na mwaka 1980 ili afugwe kama kitoweo. Soko halikumpokea, akaachiliwa au akatoroka, na mashamba ya mpunga ya Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki yakaingia kwenye vita isiyokwisha. Baada ya konokono wa jenasi hiyo kuvamia delta ya mto Ebro nchini Hispania, Umoja wa Ulaya mwaka 2012 ulipiga marufuku kuingiza jenasi nzima ya Pomacea, akiwemo diffusa mpole. Marekani ilichukua njia nyingine: diffusa husafirishwa kati ya majimbo bila masharti yanayowabana ndugu zake.

Mwaka 2020 canaliculata alionekana Mwea, kaunti ya Kirinyaga, kwenye skimu ambako ndiko unakolimwa mpunga mwingi wa Kenya. Vichala vya waridi vilikuwa vimeganda kwenye mashina ya mpunga na kingo za mifereji. Wakulima wa huko sasa huokota konokono kwa mikono na kuponda mayai, kazi ile ile anayoifanya mfugaji kwenye mfuniko wa tangi lake, ila wao huifanya wakiwa wamezama kwenye tope, ekari baada ya ekari.

Kwa hiyo anayeacha kufuga awagawie wenzake wanaofuga konokono wake, au awagandishe konokono hao kwenye friza. Maji ya tangi la konokono yamwagwe kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji, na changarawe ianikwe juani hadi ikauke kabisa kabla ya kutolewa nje ya ua.