Shilingi Elfu Kumi za Mtoto

Januari 2016 wazazi wa Tanzania Bara waliwapeleka watoto wao darasa la kwanza bila kudaiwa ada wala mchango wa mlinzi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulikuwa umefuta ada na michango ya lazima, na Hazina ikaanza kutoa takribani shilingi bilioni 18.77 kila mwezi kwa ajili ya elimu bila malipo. Fungu la shule lilikwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa shule ya msingi kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka: 4,000 zilibaki juu kununulia vitabu, 6,000 zikashuka shuleni. Zigawe kwa miezi 12, unapata shilingi 500 za kila mtoto kila mwezi. Shule yenye watoto 600 ilipokea shilingi 300,000, na humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango wa ofisi na bati lililong'olewa na upepo.

Ni fedha kidogo. Lakini hizo 500 zilifika bila kupitia mezani kwa halmashauri, na jambo hilo halikuja kwa bahati. Nyuma yake ipo miaka zaidi ya 40 ya kubishana juu ya nani ashike mkoba wa shule.

Mwaka 1972 Serikali ilizifuta serikali za mitaa. Ulikuwa mpango wa madaraka mikoani, na nia yake ilikuwa njema: kuwatoa wataalamu Dar es Salaam wakakae karibu na wananchi. Kilichotokea ni kwamba wataalamu walikwenda mikoani na madaraka yakasafiri nao, yakabaki mikononi mwao. Diwani aliyekuwa akiulizwa na majirani zake kwa nini paa la shule linavuja hakuwapo tena. Na wakati huohuo nchi ilijitwisha mzigo ambao ilikuwa haijawahi kuubeba. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto awe shuleni. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, wakaitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wapo wazee wa leo waliojifunza kusoma mikononi mwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu watoto wote walikuwa wameandikishwa.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na sioni sababu ya kuipunguza. Ila fedha ya kuwaweka watoto wale darasani mwaka baada ya mwaka haikuwapo. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kudorora kwa uchumi vilikula kila kitu kisichokuwa mshahara. Halmashauri za wilaya ziliporudishwa mwaka 1984, chini ya sheria zilizotungwa mwaka 1982, zilikabidhiwa shule zenye kuta zilizopasuka na mkoba mtupu. Zikapewa kodi ya maendeleo zikusanye zenyewe. Wazazi nao wakaanza kulipishwa tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ada ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka, na juu yake mchango wa dawati, wa mlinzi, wa jengo, wa mitihani. Mwaka 2000, kati ya watoto 10 wenye umri wa shule ya msingi, takribani 6 tu ndio waliokuwa darasani.

Hapa inafaa kutazama jinsi fedha ilivyotembea, maana wengi tunasema "halmashauri imekula" bila kujua imekulaje. Sehemu kubwa kabisa ya bajeti ya elimu ya wilaya ni mishahara ya walimu. Hiyo ina orodha ya majina, na mwalimu asipolipwa anapiga kelele mwenyewe. Kinachobaki huitwa matumizi mengineyo: chaki, vitabu, samani, safari za ukaguzi. Fedha hiyo ilishuka kutoka Hazina hadi kwa mkurugenzi mtendaji na mweka hazina wake, mara nyingi ikiwa imechelewa na pungufu ya ile iliyopitishwa. Ikifika, inakuta gari la idara halina matairi, kikao cha kamati kinasubiri posho, kiongozi anakuja ziara keshokutwa. Kila hitaji lina mtu anayelisemea pale ofisini. Shule iko kilometa 60 mbali, na mwalimu mkuu hajui kwamba kuna fedha yake iliyoingia. Wizi wa wazi ulikuwapo, lakini upotevu mwingi haukuhitaji mwizi. Ulihitaji tu kwamba mwenye mali asijue. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 1999 kufuatilia njia ya fedha hizo ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya fedha za elimu zisizo za mishahara haikufika ilikokusudiwa.

Jirani zetu walikuwa wameshayaona hayo kwa ukubwa zaidi. Nchini Uganda Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kupitia wilaya. Vitabu vya Kampala vilionyesha fedha imetoka, lakini shule zikabaki na hali ileile. Mwaka 1996 watafiti walitembelea shule 250, wakafungua madaftari ya hesabu ya walimu wakuu, wakalinganisha kilichoandikwa shuleni na kilichoandikwa wizarani kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Kwa wastani shule zilikuwa zimepokea asilimia 13 ya ruzuku yao. Shule nyingi hazikupokea hata senti. Fedha zilizobaki wilayani zilikwenda kwenye shughuli nyingine za ofisi na za siasa, na sehemu ikaingia mifukoni. Na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa wazazi wengi hawakujua kama kuna ruzuku. Wao ndio waliokuwa wakiziendesha shule kwa michango yao miaka yote ile.

Serikali ya Uganda ilichofanya baada ya hapo ni kitu cha bei ndogo sana. Ilianza kutangaza magazetini, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, kiasi cha fedha kilichopelekwa kila wilaya kila mwezi. Baadaye shule zikaagizwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea. Mwalimu mkuu akisoma gazeti anaona tarehe, anaona kiasi, anapanda basi kwenda wilayani kuuliza, na wazazi wanauliza naye. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea karibu asilimia 80 ya ruzuku. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipopima kwa makini zaidi, walikuta kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa ziliongeza mapato kuliko zile za mbali. Kabla ya matangazo, ukaribu huo haukuwa na faida yoyote.

Wapo waliosema baadaye kwamba gazeti limesifiwa kupita kiasi, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1997 Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada, ikaanza na watoto wanne kwa kila familia, na ruzuku ikawa jambo la siasa kubwa ambalo Rais mwenyewe alilifuatilia. Wafadhili walikuwa wanatazama, na Hazina iliweka masharti mapya ya kutoa fedha. Vyote vilisukuma upande mmoja. Hata hivyo, masharti ya Hazina hayamfikishi mzazi mlangoni kwa mwalimu mkuu. Tarakimu aliyoisoma mwenyewe inamfikisha.

Mambo hayo yalijulikana Dar es Salaam wakati wa kuandaa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002. Ada ilifutwa kwa mara ya pili. Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 150. Ruzuku ikawekwa kwa kila mtoto: dola 10 kwa mwaka, 4 za vitabu na 6 za uendeshaji wa shule. Kwa fedha zetu za wakati ule ilikuwa karibu shilingi 10,000, na ndipo kiwango hiki kilipozaliwa. Kamati za shule, zenye wazazi ndani yake, zilifunguliwa akaunti benki. Mkulima aliyekuwa hajawahi kuingia benki akawa mtia saini wa hundi ya kujengea madarasa, na vijiji vikachangia mchanga, mawe na nguvu zao. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa milioni 4.4 mwaka 2000, na mwaka 2005 wakawa milioni 7.5. Miaka ile ya mwanzo ya MMEM, kwa maoni yangu, ni kipindi ambacho shule ya kijiji ilikaribia zaidi kuwa mali ya kijiji.

Haikudumu. Fedha za mkopo zilipokwisha, ruzuku ilirudi kapu moja na matumizi mengine ya Serikali. Halmashauri zenyewe zilikuwa zimenyang'anywa kodi ya maendeleo mwaka 2003, zikawa zinategemea Hazina kwa karibu kila kitu, na Hazina ikibanwa, fungu la kwanza kukatwa ni lile lisilo na mtetezi. Mwishoni mwa muongo ule shule zilikuwa zikipokea chini ya nusu ya shilingi 10,000 zilizoahidiwa. Mwalimu mkuu hakuweza kupanga lolote, maana hakujua kitakachokuja wala lini.

Kipindi hichohicho nchi ilipata fungu la ajabu. Kampuni ya Uingereza BAE Systems, iliyoiuzia Tanzania rada kwa pauni milioni 28 kwa masharti yaliyozua kashfa, ilikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, na mwaka 2012 fedha hizo zikaja. Wananchi waliziita chenji ya rada. Zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi, na kwa kuwa kila mtu alijua chanzo chake na kazi yake, kila mtu aliulizia madawati yako wapi. Shilingi 10,000 za mtoto hazikuwa na jina wala hadithi ya kuzungumzwa vijiweni, kwa hiyo hazikuulizwa hivyo.

Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika utafiti mkubwa uliopewa jina la KiuFunza, katika shule 350 za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipelekewa shilingi 10,000 kamili kwa kila mtoto, bila kupitia halmashauri. Zilifika. Zilinunua vitabu na vifaa. Lakini alama za watoto hazikupanda. Wazazi nao walipoona shule ina fedha walipunguza sehemu ya kile walichokuwa wakitumia wenyewe. Matokeo mazuri yalionekana katika shule zilizopata vyote viwili: ruzuku kamili, na bakshishi kwa walimu ambao watoto wao wa darasa la 1 hadi la 3 walifaulu kusoma na kuhesabu. Jambo hili liliwauma wengi waliokuwa wakipigania ruzuku, na lilistahili kuuma. Tulidhani tukiziba tundu la mkoba wa wilaya mtoto atasoma. Kumbe fedha inafika mlangoni mwa darasa na kusimama hapo, mpaka awepo mwalimu mwenye sababu na nguvu ya kuitumia.

Hata hivyo, mwalimu mwenye ari bila kitabu wala chaki naye hana pa kuanzia, na utaratibu wa mwaka 2016 ulijenga juu ya somo lile la kwanza: peleka shuleni moja kwa moja, kila mwezi, kwa kiwango kinachojulikana. Mwalimu mkuu akapewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, ili asiwe na kisingizio. Fedha zilianza kuja kwa mpangilio ambao shule nyingi zilikuwa hazijawahi kuuona. Watoto nao wakaja. Kutoka milioni 8.3 mwaka 2015, shule za msingi zilivuka wanafunzi milioni 10 mwaka 2018. Madarasa yakafurika, na wazazi wengi, wakiwa wamesikia neno "bure", waliacha kuhudhuria mikutano ya shule. Hilo la mwisho ni hasara. Kamati za MMEM zilijengwa kwa jasho, na mzazi asiyechangia hata senti bado ana haki ileile ya kuona hesabu, kwa kuwa kodi ya sukari na sabuni anayonunua dukani ndiyo inayoijaza akaunti ile.

Kwa hiyo nenda shuleni kwa mwanao. Muulize mwalimu mkuu, kwa heshima, shule ina wanafunzi wangapi, zidisha kwa kiwango cha mtoto cha mwezi, ambacho mwaka 2016 kilikuwa shilingi 500, kisha soma ubao wa matangazo uone kama tarakimu zinafanana. Zikipungua, msiulizane ninyi wawili tu, peleka swali kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani. Na diwani akifika, muulize la pili: mwaka 2002 shilingi 10,000 za mtoto zilikuwa sawa na karibu dola 10. Mwaka 2016 zilikuwa shilingi 10,000 zilezile, na hazikufika dola 5.