Uchungu wa Muhogo: Zao Lililojilinda na Meno katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Muhogo, ambao leo ni chakula cha kila siku kwa Wamwani, Wamakonde na Wamakua waishio kati ya Palma na visiwa vya Kirimba, kaskazini mwa Msumbiji, ni zao la kigeni lililozoeleka mno hata ugeni wake ukasahaulika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ingawa Wareno waliuvusha bahari ya Atlantiki katika karne ya 16, upande wa Bahari ya Hindi ulienea hasa katika karne ya 18, miaka ileile ambayo wafanyabiashara wa Kifaransa kutoka Mauritius na Réunion walikuwa wakinunua watumwa Ibo na Kilwa. Mabaharia walihitaji chakula kisichoharibika upesi, na wenyeji nao walihitaji zao linaloweza kukaa ardhini hata mwaka mzima na zaidi bila kuvunwa, ili anayekimbia wavamizi akirudi alikute.

Wakulima hutofautisha muhogo mtamu na muhogo mchungu. Katika chembe za mmea huu, hasa mchungu, mna linamarini, yaani kiambata kilichobeba sianidi, ambacho hutengwa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho linamarasi. Jino linapopasua chembe hizo, viwili hivyo hukutana na sumu huanza kutoka. Maana yake ni kwamba mmea haudhuru mpaka utafunwe, na hiyo ndiyo sababu wakulima wengi wa kaskazini mwa Msumbiji waliupendelea mchungu: nguruwe mwitu, nyani na panya huuogopa, na hata mwizi hawezi kuung'oa na kuula papo hapo.

Kinga hiyo, hata hivyo, humfaa mnyama aliye huru kuonja na kwenda zake. Sungura wa kufugwa, ambaye meno yake hayaachi kukua maisha yake yote na kwa hiyo hana budi kutafuna kila siku, hana uhuru huo. Akiwekewa bandani kijiti kibichi cha muhogo ili anolee meno, gome lenye sumu litamjia kama gome lingine lolote. Mfugaji anayedhani kwamba kila kijiti cha shambani ni salama kwa kuwa ni cha asili amekosea.

Binadamu aliikwepa sumu hiyo kwa kazi, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa iliwaangukia wanawake: kumenya, kupasua, kuanika juani hadi vipande viwe makopa, kisha kutwanga na kuchekecha. Njia zilitofautiana sana kwa nguvu. Kuanika vipande vikubwa peke yake huweza kubakiza robo ya sianidi au zaidi, ilhali kuloweka, kuvundika, au kuutwanga muhogo ukiwa mbichi kabla ya kuuanika huondoa sehemu kubwa zaidi, kwa sababu chembe hupasuliwa na gesi hupata muda wa kutoroka. Kisamvu nacho hutwangwa sana kabla ya kupikwa kwa sababu hiyohiyo, wala si kwa ajili ya ulaini tu.

Usalama, basi, ulitegemea muda, na muda ndio ulioporwa. Kampuni ya Niassa, iliyotawala eneo hili kuanzia miaka ya 1890 hadi 1929, ilitoza kodi ya kibanda na kuwatumikisha watu kwa nguvu. Vita vya 1914–1918 vilichukua wapagazi kwa wingi. Na kuanzia 1938 dola la kikoloni lilikaza kilimo cha pamba cha lazima, ambacho kiliwasukuma wakulima wengi kwenye muhogo kwa kuwa ulihitaji mikono michache kuliko mtama.

Gharama ya kuukosa muda huo ilionekana wazi mwaka 1981, ng'ambo ya mto Lúrio, katika wilaya ya Memba na jirani zake mkoani Nampula. Ukame uliozidisha sumu mizizini, pamoja na njaa iliyofupisha siku za kuanika, ulileta maradhi ambayo wenyeji waliyaita mantakassa: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na haiponi. Waliosajiliwa walizidi 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Maradhi hayo, yajulikanayo kitabibu kama konzo, yalizuka tena Mogincual mwaka 1992–1993, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikimalizika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaonekana Mtwara, kaskazini ya mto Ruvuma. Mwili huihitaji salfa ya protini ili kuivunja sianidi, hivyo mlo wa muhogo usio na samaki wala kunde huongeza hatari.

Mwanakemia Howard Bradbury wa Australia alibuni baadaye njia ya kupunguza sianidi iliyobaki, ambayo ilijaribiwa Msumbiji: unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji, hutandazwa tabaka jembamba kivulini kwa saa 5, au juani kwa saa 2, kisha hupikwa siku hiyohiyo.